Kipa Wetu Mnaye Nyinyi

Mkuu wa kituo alimnyooshea nahodha wetu mkono, na wapiga picha wakasogea. Polisi walikuwa wametuletea jezi mpya na soda, tucheze nao mechi ya kirafiki.

Nahodha, dada wa gereji tuliyemwita Spana, hakuupokea mkono ule. Mikono yake aliifumbata nyuma ya mgongo, vidole vyeusi kwa grisi.

"Hatuchezi, afande. Hatujatimia."

"Amekosekana nani?"

"Kipa. Ni kaka yangu. Mmemlaza ndani tangu Jumamosi, na hadi leo hakuna aliyetuambia kosa lake."

Mkuu akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Spana aliketi chini, palepale katikati ya uwanja. Nasi tukaketi mmoja baada ya mwingine, jezi zao zikiwa bado kwenye mifuko.

"Inuka, mwanangu. Watu wanatazama."

"Ndiyo maana nimeketi."

Mkuu alizitazama kamera, kisha akainua redio yake mdomoni. "Mtoeni yule kijana. Mleteni uwanjani."

"Na viatu vyake," Spana akasema, bado ameketi. "Mlimchukua navyo."