Fimbo ya Hobert

Delphia alikata kipande chembamba kwenye ncha ya chini ya fimbo, kipana kama kifungo cha koti, akakitupa kwenye sanduku la vijiti vya kuwashia jiko. Ilikuwa mara ya sita mwaka huu. Ncha mpya ilikuwa nyeupe mno, kwa hiyo akaipaka masizi, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ikafanana na uzee wa fimbo nzima. Kisha akairudisha nyuma ya mlango, palepale.

Chumbani mumewe Hobert alikuwa akikoroma usingizi wake wa Jumamosi mchana, mpira wa oksijeni puani.

Fimbo ile Hobert alikatiwa na bibi yake akiwa na miaka kumi na mitano, pumu imemkaba. Ndivyo walivyofanya siku zote katika milima ile ya Kentucky: mtoto wa pumu anapimwa kwa mti mchachu, ule wanaoupenda nyuki, fimbo inakatwa sawa na utosi wake na kuwekwa ndani ya nyumba. Siku akiipita kwa kimo, pumu inabaki na fimbo. Hobert aliipita kabla mwaka haujaisha, pumu ikamwacha. Halafu akaenda kutambaa mgodini miaka thelathini na mmoja, na vumbi la makaa likaja kukaa palepale pumu ilipohama.

Sasa ana miaka sabini na tisa. Mgongo umepinda, na fimbo inamfikia.

"Ikinizidi, mimi basi," alimwambia mkewe vuli ya mwaka juzi. "Chai zako utamwagilia maua."

Alisema huku akicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Delphia hakucheka. Alikaa jikoni saa nzima, sufuria tupu mapajani. Jumapili iliyofuata akamsimamisha penye fimbo, aone kwa macho yake kwamba bado iko chini. Ikawa desturi ya kila Jumapili. Na kila alipoona imekaribia mno, alitafuta kisu.

Alikuwa amechoka. Uchovu wa magoti na wa viganja. Majani ya chai yenyewe, yale yenye manyoya kama sikio la sungura, aliyachuma kando ya reli, akayaanika, akayachemsha, kisha akayachuja mara mbili kwa kitambaa, maana vile vinyoya vikipita vinakwaruza koo vibaya kuliko kikohozi chenyewe. Halafu asali. Halafu beseni la mvuke. Halafu vitunguu vilivyokaangwa, vifungwe kwenye flana, vilazwe kifuani vingali na joto. Dawa za daktari nazo kwa saa zake, maana muuguzi alishasema chai haichukui nafasi yake.

"Mapafu yake hayajakosa hewa mpya, mama," muuguzi alimweleza. "Yamejaa ya zamani. Mfundishe kuitoa."

Basi ikawa kazi nyingine. "Vuta kwa pua, moja, mbili. Bana midomo kama unapoza supu. Toa, moja, mbili, tatu, nne. Polepole, mzee, hakuna anayekufukuza."

Hobert alibakiwa na kazi moja tu, kuwasha jiko asubuhi. "Hiyo usininyang'anye," alisema, na Delphia hakumnyang'anya, ingawa ilimchukua nusu saa, akipumzika kati ya kijiti na kijiti.

Jumapili, baada ya uji wa shayiri, akamwita penye mlango.

"Simama wima. Usinyooshe shingo kama bata mzinga."

"Shingo yangu, bata mzinga wangu."

"Na uvue hizo sapatu."

"Sakafu baridi, wee bibi! Unaniponya kifua ili uniue kwa mafua?"

Delphia akamwachia sapatu zake, akalaza kiganja juu ya utosi wake, akakisogeza mpaka kwenye fimbo. Kilipita hewani. Akainama kutazama vizuri, akavaa miwani, akatazama tena. Jana alikata unene wa kifungo kimoja, na mzee alikuwa ameipita fimbo kwa kidole kizima.

"Umekua," alisema kwa sauti ndogo.

"Chai yako hiyo ya masikio ya sungura."

"Mtu wa miaka sabini na tisa hakui, Hobert."

"Wengine hawakui. Mimi nakua." Alishika kizingiti, akabana midomo, akapoza supu yake isiyokuwepo. "Haya, umeridhika?"

"Wewe je?"

"Ukiridhika wewe, mimi nimeridhika."

Siku nzima jambo lile lilimsumbua Delphia. Aliosha vyombo akiwaza kwamba mkono umemzidi, amekata mno, na wiki ijayo hata Hobert mwenyewe atacheka.

Alasiri akapasha maji ya haradali ya kuloweka miguu, yanayoshusha uzito kifuani. Kwa kawaida Hobert alivua sapatu mwenyewe, akageukia ukuta kama bi harusi mwenye haya. Leo usingizi ulimpitia kitini kabla beseni halijafika.

Delphia akapiga magoti, taratibu, goti moja na kisha la pili. Akavua sapatu ya kulia. Ilikuwa nzito. Akaingiza mkono, kitambaa cha ndani kilikuwa kimevimba penye kisigino. Akakiinua kwa ukucha.

Chini yake palikuwa na vipande vitatu vya mti mchachu, vyembamba, vipana kama vifungo vya koti, vimepangwa vizuri na kugandishwa, uso mmoja mweusi wa masizi. Akavua na ya kushoto. Vitatu vingine, na gundi ya kile cha sita ilikuwa bado inanata.