Treni ya Mwisho Kutoka Ngomeni

"Leo isimamishe wewe," mume wake alisema, akatia mikono yote miwili mfukoni.

Ishbel alimtazama asiamini. Walikuwa peke yao kwenye kituo kidogo cha mbao chini ya ngome, na treni za pwani hii hazisimami hapo mpaka abiria anyooshe mkono. Hii ilikuwa ya mwisho kurudi Inverness.

"Mzee, acha mzaha. Itatupita."

"Ikitupita tutalala ngomeni. Vitanda vyao si umeviona?"

Mkono wa kushoto wa Ishbel ulikuwa umeshika fimbo. Wa kulia haukuwa umeinuka tangu kiharusi cha Februari. Asubuhi, ndani ya ngome, alikuwa amepanda ngazi sitini na mbili akiuburuta mguu wa upande huohuo, na mumewe alizihesabu zote kwa sauti.

Treni ilitokeza kwenye kona, upande wa bahari.

Alianza na bega, kama alivyofundishwa hospitalini. Kiwiko kikafuata. Vidole vilibaki vimekunjwa, kidole gumba kikiwa ndani, lakini mkono ulipita mfuko wa koti, ukapita kifungo cha kwanza, kisha cha pili, ukaanza kutetemeka. Hakuuteremsha.

Breki zililia. Treni iliwapita hatua chache, ikasimama, na dereva akachungulia dirishani.

"Mama, unapanda au unanitishia ngumi?"

"Yote mawili," alisema Ishbel.