Mstari Mweusi Mgongoni

Yai la sita lilipasuka, kikatoka kinyoka chenye mstari mweusi mgongoni.

Watano wa kwanza walikuwa wa njano tupu, kama alivyotaka Zebedayo. Kwa miaka minne, hapo kwake Same, amekuwa akioanisha wa njano na wa njano, tena wa mlima mmoja tu, Mhezi. Na mimi, mstaafu wa idara ya wanyamapori mwenye maneno mengi, ndiye niliyetia sahihi, kwa kuamini neno lake tu, kwamba dume na jike wote walitoka huko.

Nyoka wa Mhezi nawajua. Mmoja alinikimbiza hadi Bombo, nikafika kabla ya jasho langu. Hakuwa na mstari. Mstari ni wa nyoka wa mlima mwingine, kule Ugweno.

"Zebedayo, dume ulimtoa wapi?"

"Mzee nawe! Mtoto hawezi kufanana na babu yake?"

"Babu yake yupi? Wa Ugweno?"

Akacheka, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Mnunuzi, mwenye bustani ya nyoka, alikuwa anavua viatu barazani. Zebedayo akakichota kile kinyoka, akafumba ngumi. Ncha ya mkia ikabaki nje, inajipindapinda katikati ya vidole.

"Shikamoo mzee," mnunuzi akasema, karatasi yenye sahihi yangu mkononi. "Kwa hiyo wote ni wa Mhezi, hamjachanganya?"

Zebedayo akanikanyaga mguu.

"Marahaba," nikajibu. "Kwanza mwambie huyu bwana afungue mkono."