Baiskeli ya Arobaini na Moja

Mara ya nne shemeji aliposhuka mlima kwa baiskeli, alikuwa amevaa gauni la harusi.

Mama Pindo, fundi cherehani, aliinama chini ya meza akajifanya anatafuta uzi. Gauni lilikuwa la mteja wa mjini, la kuchukuliwa Jumamosi, na pindo lake sasa lilikuwa linaulamba mnyororo. Lakini afanyeje? Ndiyo nguo pekee dukani iliyokuwa imebaki ya kumtosha shemeji yake.

Karani, aliyekuwa amekalia kigoda nje ya mlango wa fundi, alimtazama yule bibi harusi mwenye ndevu mpaka akapotea konani. Akakunja uso, akachora kijistari kingine kwenye karatasi yake.

"Leo kuna harusi?"

"Huku kwetu, bwana karani, haipiti siku bila harusi," alisema Mama Pindo.

Uongo mtupu. Harusi ya mwisho pale kijijini ilikuwa yake mwenyewe.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Barabara ile nyembamba ilipanda na kushuka vilima, ikapita chini ya ngome kuukuu ambayo hakuna aliyejua tena ilijengwa na nani kumzuia nani, kisha ikateremka hadi mlangoni kwa Mama Pindo. Wenye machimbo ya mawe walikuwa wanaitaka kwa malori yao. Lori moja tu la majaribio lilipita, na ukuta wa chumba ukapata ufa wa kuingia mkono. Ukuta huo aliujenga marehemu mumewe, tofali kwa tofali, na mama mkwe alikuwa analala upande wa pili wake. Malori yakianza kupita kila siku, nyumba isingemaliza mwezi.

Dawa ilikuwa moja. Ofisi ya barabara ilikuwa inaandaa kitabu cha njia za baiskeli, na njia ikishaingia kitabuni, lori halikanyagi. Barua ikasema karani atakuja Jumanne, atahesabu baiskeli zote zitakazopita tangu asubuhi hadi jioni, na hesabu hiyo ndiyo itakayoamua.

Sasa, kijiji kizima kilikuwa na baiskeli moja.

Ilikuwa ya shemeji, na hata yeye hakuwa mwendawazimu wa kupanda nayo vilima vile bila sababu. Wakakaa kikao. Mpandaji akishapotea konani, anashuka, vijana wanaikimbiza baiskeli kwa kijia cha mbuzi nyuma ya ngome mpaka juu, na huko inabadilishwa sura: mara inawekewa kikapu, mara matawi, mara kuku anafungwa nyuma. Nguo ni za kwa Mama Pindo. Wateja watajua baadaye.

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema mama mkwe, akawa wa kwanza kujiandikisha. Ana miaka sabini na mbili.

Siku ikaenda vizuri kupita walivyotarajia. Mkunga alipita na kanzu ya mumewe. Mwalimu mstaafu alipita na sare ya shule, magoti nje. Mama mkwe peke yake alipita mara sita, na kila akikaribia alipiga kengele utadhani nyumba inaungua.

Saa sita karani alitoa pamba mfukoni, akaziba masikio.

Mama Pindo alishikwa na hofu. Huyu ameitambua kengele, alijisemea, amejua ni ile ile. Akatuma ujumbe juu, wakatafuta kengele ya mbuzi, wakaifunga pamoja na ya kwanza. Baiskeli iliyofuata ikashuka na makelele ya mnada.

Karani alichomoa pamba.

"Hivi mama, kila siku huwa hivi?"

"Leo afadhali. Ungekuja siku ya soko, usingepata pa kuweka mguu."

Karani alijipangusa paji la uso. "Maana mwezi uliopita nilipita hapa, sikukutana na mtu. Nilimkuta mbuzi tu, amelala katikati ya barabara. Nilikaa naye karibu nusu saa."

"Siku hiyo watu wote walikuwa msibani," alisema Mama Pindo. Ametushtukia, alifikiri. Akamletea mto wa kukalia na maji ya kunywa, akakohoa mara mbili kuelekea ngomeni. Ndiyo ishara ya kuongeza kasi.

Walipita wengine ishirini kabla jua halijapungua.

Jioni karani alifunga kalamu, akavihesabu vijistari vyake kwa kidole, polepole, midomo ikicheza.

"Arobaini," alisema.

Mama Pindo aliweka mkono kwenye ule ufa. Machozi yalimtoka na hakuona aibu. Alimkumbuka mumewe akichanganya udongo kwa miguu, akasema kimoyomoyo, nyumba yako imepona, baba.

"Kwa hiyo tumeingia kitabuni, bwana karani?"

Karani alionekana kama mtu aliyetoka kumzika ndugu.

"Nilikuwa nimeshawaandika ukurasa wa kwanza," alisema. "Picha ya yule mbuzi ndiyo ilikuwa iwekwe kwenye jalada. Leo nilikuja kukamilisha utaratibu tu."

Akamgeuzia ile karatasi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, paliandikwa: *Njia Tulivu za Vilimani. Sharti: baiskeli zisizozidi tano kwa siku.*

Kengele mbili zikalia konani, na mama mkwe akajitokeza kwa mara ya saba, kuku nyuma, akiwapungia mkono wote wawili.