Kivukoni kwa Shekue

Mzee Shekue alifariki bila mtoto, na jina lake lilibaki vinywani mwa watu tu. Kwa hiyo fundi wa vibao alipoandika KIVUKONI kwenye kibao kando ya daraja na kuanza kufunga kopo la rangi, mjane wa Shekue, Bi Mwanahamisi, aliinamisha kichwa.

“We fundi, mbona unakimbia?” muuza mihogo alifoka. “Hapa ni Kivukoni kwa Shekue!”

“Shekue ndiye nani?”

“Kabla ya daraja, mto ukijaa, alituvusha mgongoni. Hata mimi na unene wangu huu! Wala hakumwacha mtu ng’ambo.”

Watu wakaangua kicheko. Fundi akafungua kopo, akaongeza KWA SHEKUE.

“Alhamdulillahi,” Bi Mwanahamisi alinong’ona. Rangi mbichi ya jina la mumewe ikachuruzika kidogo, naye akakinga kiganja chini yake.