Kanda ya Ijumaa

"Kanda yetu iko wapi, mzee? Hiyo ni mali ya kampuni. Nitakuitia polisi!"

Vernon Kaczmarek aliiweka simu mbali na sikio. Aliyekuwa akibweka upande wa pili ni Trent Ashby, meneja mpya wa kiwanda cha madirisha pale Toledo. Wiki tatu nyuma, Jumatatu aliyoanza kazi, kabla hata hajapewa kadi ya mlangoni, Trent alimfukuza Vernon, mtu aliyetunza seva za kiwanda kwa miaka ishirini na sita. Fadhila ya punda ni mateke. Siku hiyo hiyo bima ya matibabu ikakatika, na sasa sindano za mkewe, Lorraine, zilikuwa zimebaki mbili kwenye friji.

Jana yake, Alhamisi, Trent alilazimisha seva iboreshwe. Ikagoma katikati, hifadhidata nzima ikafutika: oda, wafanyakazi, hata kadi za milango. Nakala za akiba ziliwasha taa ya kijani kila siku, lakini hakuna aliyewahi kujaribu kuzirudisha. Zilikuwa tupu. Iliyobaki ni kanda ya sumaku yenye nakala ya data zote, aliyokuwa akiibeba Vernon nyumbani kila Ijumaa, jengo likiungua data isiungue nalo. Aliirudisha kila Jumatatu. Jumatatu ile aliishia getini, kanda ikiwa bado kwenye mkoba wa chakula.

"Usimpelekee yule mshenzi," Lorraine alisema. "Waache waoze!"

"Napeleka."

"Huna hata haya, Vernon! Wamekutupa kama takataka!"

Vernon alichukua kanda, akabamiza mlango wa gari.

Kiwandani, mlango wa chumba cha seva ulikuwa umezuiwa kwa kiti usijifunge. Trent alikuwa ndani, kadi mpya inang'aa kifuani.

"Fanya haraka! Malori yanasubiri oda."

"Sikiliza, bwana mdogo. Nikirudisha kanda hii, kila kitu kitakuwa kama Ijumaa ile. Kila kitu."

"Unanifundisha kazi? Nimesema rudisha yote! Ukimaliza, potea. Na usitegemee hata senti."

Vernon alichomeka kanda, akaanza kuandika kwa hasira. Alikosea nywila mara mbili. Ya tatu ikakubali.

Saa sita mchana kasoro dakika tano, oda zikajaa kwenye skrini. Trent hakusema ahsante. Alikisukuma kando kile kiti, akatoka kwenda kuwafokea madereva, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Aliporudi aligusisha kadi. Taa nyekundu. Akagusisha tena, kisha akapiga kioo kwa ngumi.

"Fungua, wewe mzee!"

"Hairuhusiwi kumfungulia mgeni," Vernon alisema, akiipitia orodha ya wafanyakazi bila haraka. "Humu hakuna mtu anayeitwa Trent Ashby."

Saa sita kamili, kama ilivyofanya kila Ijumaa, seva yenyewe ikaituma orodha hiyo kwa kampuni ya bima. Mstari wa kumi na nne ulisomeka Kaczmarek, Vernon, na mke.