Sukari ya Mama

"Breki! Kanyaga breki, kaka!"

Gari la mafunzo lilisimama likiwa limebakiza kidogo tu kulibusu pipa lililowekwa mwisho wa uwanja. Mwanafunzi alijipangusa jasho.

"Samahani, mwalimu. Simu yako imenishtua."

Mwalimu wa udereva aliitazama simu yake. Kwenye kioo palikuwa na kumi na nne, na mshale ulioelekea juu. Sukari ya mama yake ilikuwa imepanda tena, saa ile ile ya chai.

"Pumzika kidogo," alisema akifungua mlango. "Nina mtu wa kugombana naye."

Kifaa kilichotuma namba hiyo kilikuwa kipya. Kliniki iliwapa wiki iliyopita: kidude cha mviringo, kidogo kama kifuniko cha soda, kinachobandikwa nyuma ya mkono na kutuma kiwango cha sukari kwenye simu. Ndani yake mlikuwa na sindano nyembamba kama unywele. Mama yake, fundi cherehani aliyeshika sindano kutwa nzima, aliogopa moja tu: ile inayomwelekea yeye. Binti, yaani mwalimu mwenyewe, aliunganisha simu yake na ya mama, akawasomea wazazi maelekezo neno kwa neno, kisha akawahi kazini. Alipopiga jioni, baba ndiye aliyepokea.

"Kimeshabandikwa," baba alisema kwa majivuno. "Wala hakiumi."

Tangu hapo, amani ilihama.

"Mama, umekula nini?"

"Siku hizi hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Umekula nini?"

"Marahaba. Nimekula tango."

"Tango halipandishi sukari hivyo, mama."

"Basi njoo uligombeze lenyewe."

Alikwenda kweli, mchana ule ule. Wazazi wake walifanya kazi katika chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani ya mama upande wa dirisha, kiti cha kinyozi cha baba upande wa kioo, na nywele na vipande vya vitambaa vikichanganyika sakafuni katikati yao. Mama alikuwa anapinda sketi ya shule, amevaa sweta lake la kila siku. Baba alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, mkono mmoja umeshika mashine, mwingine mkate wenye jamu.

Binti alipekua droo ya nyuzi. Alipekua boksi la vifungo. Aliinamisha kichwa mpaka chini ya cherehani.

"Ukiupata ule mkasi wangu mdogo, niambie," mama alisema.

"Baba, na wewe unakula jamu mbele yake?"

"Namsaidia mama yako. Tangu akatazwe, vitu vyote vile vitamu vitaozea kabatini. Lazima mtu ajitolee."

"Wewe ndiye unayemtamanisha!"

"Mwache mama yako. Mashine nazo hukosea," baba alisema, akaweka mkate chini, akatoka kwenda msalani. Siku hizi kila ugomvi ulipoanza, baba alikumbuka msala.

"Mzee!" mteja alilalamika. "Unaniacha na nusu kichwa?"

Mama alicheka. Binti hakucheka. Alichuchumaa kando ya cherehani, akaishika mikono ya mama yake yenye chaki.

"Mama, unakumbuka shangazi? Alikuwa anaficha biskuti chini ya mto, tukamwona ni kichekesho. Mwisho akawa ananitambua kwa sauti tu. Sitaki unitambue kwa sauti, mama. Nataka unione."

Mguu wa mama uliacha kukanyaga. Alifungua mdomo, akatazama mlango aliotokea baba, akafumba mdomo.

"Nitajitahidi, mwanangu," alisema mwishowe.

Siku ya kliniki walikwenda wote watatu. Muuguzi, mwanamke mchangamfu mwenye miwani kichwani, aliishusha miwani hiyo kuisoma simu ya mama, na uchangamfu ukashuka nayo. Mstari wa sukari ulipanda na kushuka kama barabara ya milimani, ila haukufika bondeni.

"Mama, vidonge peke yake vimeshindwa," alisema. "Nimeongea na daktari. Tunaanza insulini leo leo."

Alivuta trei. Akachana pakiti ya sindano. Mama alifumba macho, binti akamshika bega.

"Ngoja!" Baba alikuwa amesimama. "Usimchome. Atashuka sukari hadi azimie bure."

"Baba, usianze..."

"Mama, kunja mikono ya sweta," baba alisema kwa upole. "Yote miwili."

Mama akakunja. Mkono wa kushoto ulikuwa mtupu. Wa kulia pia.

"Kimeanguka?" binti aliuliza.

Baba alikunja shati lake mpaka karibu na bega, na nyuma ya mkono wake palikuwa na kidude cha mviringo, kidogo kama kifuniko cha soda.

"Alikuwa anaogopa," alisema. "Nikamwambia naanza mimi, aone hakiumi. Kumbe kikishabandikwa hakihami. Tukaona aibu kuomba kingine."

Binti aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kisha kicheko kikamtoka na machozi yakafuata. Alimkumbatia mama yake mpaka kiti kikalia.

"Kumbe hukula kitu! Siku zote hizi nakusingizia!"

"Nilikuwa nimeshazoea," mama alisema, naye akacheka. Baba akacheka zaidi ya wote, kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Muuguzi peke yake hakucheka. Aliutazama tena ule mstari kwenye simu, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Mama," alisema taratibu, "hebu inuka, mpishe mzee akae."